Bwawa Lililojazwa Zege

Sajini Dympna Geraghty alipiga goti ukingoni mwa bwawa, akatoa ufunguo wa gari na kuukwaruza juu ya zege. Haukuacha alama.

"Sasa hiyo ndiyo nini?" akauliza mwenye bwawa, aliyesimama nyuma yake.

"Nahesabu siku. Zege la jana lingekwaruzika. Hili lina siku nne, tuseme tangu Ijumaa." Dympna akasimama, akajipangusa goti. "Ulisafiri lini, bwana Tarpey?"

"Alhamisi. Ureno, kucheza gofu na wenzangu watatu. Nimerudi jana saa tano usiku. Hayo yote nimeshawaambia wale wenye sare."

"Niambie na mimi."

Fergal Tarpey akashusha pumzi kama mtu aliyecheleweshewa chakula hotelini. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mrefu, na juu ya kidevu chake kulikuwa na bandeji ya ukubwa wa kadi ya benki. "Kila siku naogelea saa kumi na mbili asubuhi. Siwashi taa, napenda giza. Leo nimekuja, nimevua koti, nika..." Akaigusa bandeji. "Nikateleza."

Dympna akaandika: aliteleza. Ilikuwa saa tatu tu asubuhi, lakini huko chini mjini Ballycorran kila duka lilikuwa limeshapata habari kwamba mkuu wa mikopo wa Benki ya Drumlin amepiga mbizi kwenye zege.

Wala hapakuwa na mtu mjini aliyemwonea huruma. Miaka miwili na nusu nyuma, benki hiyo ilipokuwa inakata roho, serikali ya Ireland iliichukua na kuifufua kwa fedha za walipa kodi. Ili fedha hizo zipatikane, pensheni zilikatwa, posho za walemavu zikakatwa, wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya ikafungwa. Mshahara wa Dympna mwenyewe ulikatwa mara tatu. Kisha Februari hii magazeti yakafichua kwamba wakuu kumi na wawili wa Drumlin wamelipwa bonasi kwa kazi nzuri waliyoifanya. Fungu la Tarpey lilikuwa yuro laki nne na nusu. Alipoulizwa na redio, alijibu kwamba mkataba ni mkataba.

Dympna alilizunguka bwawa taratibu. Lilikuwa ndani ya banda la vioo nyuma ya nyumba, mita kumi kwa nne, na sasa lilikuwa sakafu. Baba yake alikuwa fundi wa lipu, na yeye alikua akimbebea ndoo, kwa hiyo aliiona kazi ile kwa macho mawili tofauti. Jicho la polisi liliona uharibifu wa mali. Jicho la binti wa fundi liliona sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji kona hadi kona, ikakutana na marumaru za ukingoni bila kupanda wala kushuka hata kwa unene wa shilingi. Kingo zote zilizungushiwa mwiko. Juu yake umepitishwa ufagio laini, mistari yote ikielekea upande mmoja, ili mtu asiteleze.

"Bwawa lilikuwa na maji ulipoondoka?"

"Bila shaka lilikuwa na maji. Nyuzi ishirini na nane."

"Yalitoka vipi?"

Tarpey alimtazama kama ndiyo kwanza analifikiria hilo. Wakaenda chumba cha mitambo. Koki ya kutolea maji ilikuwa wazi. Mlango wa chumba ulikuwa na kufuli, na kufuli halikuvunjwa.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Jikoni. Kwenye ndoano, nyuma ya mlango."

Ufunguo ulikuwepo kwenye ndoano yake. Milango mikubwa ya vioo ya banda ilikuwa imeng'olewa kwenye bawaba na kurudishwa, skrubu zote zimekazwa. Nje, kwenye changarawe, kulikuwa na alama nne za mraba, mahali ambapo miguu ya gari la pampu ilikanyagia mbao ili isitoboe njia ya mwenye nyumba. King'ora cha wezi hakikulia. Mtu alikuwa amekizima kwa namba zake.

"Wavunjaji wenye adabu hawa," Dympna alisema.

"Unaona ni mchezo, Sajini?"

"Naona ni malori manane. Bwawa lako linameza mita za ujazo sitini. Malori manane ya zege yalipita kwenye lango lako mchana kweupe, na majirani zako wote wameyaona. Unajua wamesemaje? Wamesema walidhani bonasi imefika, unajenga."

Mke wa Tarpey aliingia na sinia la chai. Ita Tarpey alikuwa mwanamke mwembamba, nywele zimekatwa fupi, sweta la kijani limefumwa kwa mkono. Aliweka sinia juu ya meza, akammiminia Dympna, akamwekea maziwa bila kuuliza.

"Na wewe mama, Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kwa baba yangu, Ballinasloe. Yuko kwenye nyumba ya wazee huko."

"Uliondoka hapa saa ngapi?"

"Jamani, unamhoji mke wangu?" Tarpey akaingilia. "Nenda kamhoji Mossie Scully. Kwenye mkutano wa wenye hisa alinirushia yai, akaniambia mbele ya watu mia nne kwamba watanizika. Neno lake hilo, watanizika. Unataka ushahidi gani zaidi?"

Dympna aliifunika kalamu yake. Ita alikuwa ameshageuka kurudi jikoni.

*

Tatizo la kesi ile halikuwa kukosa mtu wa kukiri. Kufikia Jumatano adhuhuri, watu kumi na wanne walikuwa wamefika kituoni Ballycorran kukiri. Alikuja kinyozi. Walikuja dada wawili wa ukoo wa Hanratty, mmoja ana miaka themanini na mmoja, wakasema wamelimwaga zege wenyewe kwa toroli. Alikuja mwalimu mkuu wa zamani, amevaa tai, na mswaki wake mfukoni, tayari kwa mahabusu.

Dympna aliwauliza wote swali moja. "Mlipomaliza kumwaga, juu yake mlipitisha nini?"

Kinyozi alisema koleo. Akina Hanratty walisema wamekanyaga kwa viatu. Mwalimu mkuu alifikiri sana, kisha akasema amri aliyopewa ni ya siri. Dympna aliwashukuru mmoja mmoja na kuwarudisha makwao.

Mossie Scully hakuja, ikabidi afuatwe. Alikuwa fundi mstaafu wa mabasi, mjane, anakaa kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na reli. Alimfungulia Dympna mlango kabla hajabisha.

"Binti wa Geraghty. Nimekungoja tangu jana, mkate wa zabibu umekauka. Kaa."

"Unajua nimefuata nini, Mossie."

"Najua. Na nikuulize kwanza, ni kweli aliruka kichwa mbele?"

"Aliteleza."

"Aliteleza." Scully aliukata mkate wa zabibu, akaupaka siagi nene, akauonja ule utamu wa neno pamoja nao. "Basi andika kwamba Mossie Scully amecheka mpaka amekaa chini."

"Ulimwambia utamzika."

"Nilimwambia. Miaka thelathini na minane nimelala chini ya mabasi, Dympna. Kila mwezi nilinunua hisa za Drumlin, kidogo kidogo, kwa sababu waliniambia ndiyo akiba ya mtu mwenye akili. Zilipokuwa bei juu zilikuwa zinanitosha kuzeeka mimi na Philomena wangu. Siku aliyokufa, hisa zangu zote zilikuwa hazinunui jeneza la mbao nyepesi. Halafu yule anapewa bonasi, kwa pesa ya kodi yangu. Ningeweza kumzika, ningemzika. Niandike mimi."

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, namwaga."

"Mlipomaliza, juu mlipitisha nini?"

Scully alitabasamu kwa mara ya kwanza. Meno yake yalikuwa machache. "Tuliacha mawe yamechomoza. Makali kama meno ya papa, akianguka apate kuchubuka."

Dympna alifunga daftari.

"Nimekosea?" Scully akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyimwa kitu.

"Umekosea. Ungekuwa wewe ungeacha mawe, hilo nakuamini. Aliyefanya hii kazi ana chuki kama yako, lakini mkono wake ulikataa kufanya kazi mbaya."

"Basi ukimpata," alisema Scully, akimsindikiza mlangoni, "mwambie nitamlipia kinywaji mpaka nife."

*

Zege lina ubishi mmoja na mtu, nao ni muda. Likishachanganywa, una saa moja na nusu, ikizidi sana mbili, kabla halijaanza kushikana ndani ya lori. Dympna alitandika ramani juu ya meza, akachora duara. Miaka mitano nyuma, wakati kila mtu Ireland anajenga, duara hilo lingekuwa na viwanda saba. Alipiga simu kote. Sita vilishafungwa, geti lina mnyororo. Kilichobaki kilikuwa Clonroe, dakika ishirini na tano kutoka nyumbani kwa Tarpey.

Kiwanda cha Clonroe kilikuwa bado na jina la Christy Lavelle getini, ingawa hakikuwa chake tena. Drumlin ilimkopesha wakati wa neema, ikamdai chote kwa mkupuo wakati wa dhiki, ikamweka mfilisi. Sasa Lavelle alikuwa mwajiriwa kwenye kiwanda alichokijenga, analipwa kwa wiki kama dereva. Alikuwa mtu mnene, mabega ya kubeba, kope nyeupe kwa vumbi la saruji. Dympna alimkuta ofisini akila sandwichi ya nyama ya nguruwe.

"Christy Lavelle?"

"Ndiye. Na wewe ni polisi, maana wateja siku hizi hawaji." Akamsogezea kiti kwa mguu. "Ni bwawa."

"Ni bwawa."

"Kazi ina kasoro?"

"Haina."

"Vizuri. Usiku ule baridi ilishuka nikapata wasiwasi, ingawa lile banda lina joto." Akafuta mikono, akafungua saraka ya meza, akatoa fungu la risiti za kukabidhia mzigo, nane, zimebanwa pamoja. "Malori manane, pampu moja, mafundi sita. Wote wamelipwa na wote wameandikwa. Sikuwaficha polisi kitu, hamkuwa mmeuliza."

Dympna alizisoma. Anwani ilikuwa ya Tarpey. Mteja: Bi I. Tarpey. Kila risiti ilikuwa na saini ile ile, herufi ndogo zilizosimama wima, na saa ya kupokelewa: ya kwanza saa mbili na robo asubuhi, ya mwisho saa nane na dakika kumi mchana. Ijumaa.

"Alikuwepo?"

"Tangu lori la kwanza mpaka la mwisho. Alitupikia mayai. Koki alikuwa ameshaifungua mwenyewe tangu Alhamisi, mume alipotoka tu kwenda uwanja wa ndege. Tulikuta bwawa limekauka, limesafishwa."

"Ukamwona mwanamke anataka zege litiwe kwenye bwawa la kuogelea, hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikamwambia, mama, mimi siwezi kumwaga zege kwenye mali ya mtu mwingine, hata kama mtu mwenyewe ni huyo. Hasa kama ni huyo. Akanionyesha hati ya nyumba." Lavelle alilamba haradali kidoleni. "Jina lake peke yake. Mimi ningekuwa na swali gani tena?"

Dympna alizipanga risiti upya. Ile milango iliyorudishwa, ule ufunguo kwenye ndoano, kile king'ora kilichonyamaza, vyote vilikaa mahali pake bila kusukumwa. Hakukuwa na mvunjaji. Kulikuwa na mwenye nyumba aliyeita mafundi.

"Wewe uliijua hati hiyo kabla hajakuonyesha," akasema hatimaye. "Hukushtuka, ulitaka tu kuiona kwa macho."

Lavelle akacheka bila sauti. Alivuta saraka ya chini kabisa. Karatasi alizotoa zilikuwa zimelegea kwenye mikunjo kwa kusomwa.

"Tarpey alinipa kazi yake binafsi, msingi wa hoteli kule Galway. Hii si ya benki, ni yake na rafiki zake. Niliimwaga, hakulipa. Nikamshtaki, nikamwambia hakimu, ana jumba, liuzwe nilipwe. Na hiki ndicho kiapo alichokula."

Dympna alisoma akiwa amesimama. Mimi, Fergal Anthony Tarpey, naapa kwamba nyumba hiyo na ardhi yake ni mali ya mke wangu Ita peke yake, na kwamba mimi sina haki, hisa wala maslahi yoyote ndani yake. Tarehe ya kuhamisha umiliki ilikuwa imetajwa: tarehe mbili Septemba 2008. Wiki nne baadaye benki ilikwenda kupiga magoti serikalini.

"Miaka thelathini na minne nimemwaga zege," Lavelle alisema. "Hospitali, shule, madaraja mawili. Sikuwahi kufurahia siku ya kazi kama Ijumaa. Ukitaka kunikamata kwa hilo, niruhusu nimalize kula."

"Maliza kula," Dympna akasema. "Ninahitaji nakala ya hizi."

*

Siku ya pili, saa tisa alasiri, Dympna alikaa sebuleni kwa Tarpey na bahasha mapajani. Tarpey alisimama karibu na dirisha. Ita alikaa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Umemkamata Scully?"

"Scully hakuwepo. Zege limetoka Clonroe. Limemwagwa na Christy Lavelle, kwa oda halali, likalipiwa kwa hundi." Akatoa risiti moja, akaiweka mezani. "Saini hii unaijua."

Tarpey aliinama. Ilimchukua muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma jina la mtu uliyelala naye miaka ishirini na mbili. Aliponyanyuka, hakumtazama Dympna.

"Wewe?"

"Mimi," Ita akasema.

"Una wazimu? Unajua lile bwawa liligharimu kiasi gani?"

"Najua liligharimu kiasi gani kulijaza. Nililipa kwa akaunti yetu ya pamoja, ile iliyoingia bonasi. Nilitaka angalau sehemu yake irudi kwa watu waliofanya kazi."

"Mkamate." Tarpey alimgeukia Dympna. "Umesikia, amekiri. Mkamate, na yule Lavelle pia."

"Ninahitaji saini yako kwanza." Dympna akatoa karatasi mbili, akazipanga mezani zikiwa zimelingana. "Hii ya kushoto ni taarifa ya mlalamikaji. Inasema wewe ndiye mmiliki wa nyumba hii na bwawa lake, na hukutoa ruhusa liharibiwe. Ukisaini, nawakamata wote wawili kabla chai haijapoa."

"Nipe kalamu."

"Ngoja nikusomee ya kulia. Hiyo ni ya kuondoa malalamiko. Inasema nyumba na ardhi ni mali ya mke wako peke yake, na wewe huna haki, hisa wala maslahi yoyote ndani yake. Maneno si yangu. Ni yako, nimeyanakili kwenye kiapo ulichokula mbele ya mahakama katika kesi ya Lavelle."

Kalamu ilikuwa juu ya meza. Tarpey hakuishika.

"Ukisaini ya kushoto," Dympna aliendelea, sauti ile ile ya kusoma ratiba ya treni, "utakuwa umesema kwa polisi kinyume cha ulichomwapia hakimu. Nitalazimika kuipeleka mahakamani pamoja na kiapo chako kesho asubuhi. Kuapa uongo ni jela. Na ikiwa nyumba ni yako, Lavelle hayuko peke yake kwenye foleni ya wanaokudai. Watakuja na kuibeba hii nyumba mpaka vitasa."

"Hii ni nyumba yangu." Ilimtoka polepole. "Nimeijenga mimi. Kila mtu anajua ni yangu."

"Basi saini kushoto."

"Ita. Mwambie huyu mwanamke. Mwambie ilikuwa ni mambo ya karatasi tu."

"Uliniambia ni zawadi," Ita akasema. "Septemba ile. Miaka ishirini ya ndoa. Ulininunulia maua, ukanipeleka kwa wakili kusaini, tukaenda kula chaza. Nililia, Fergal, nikampigia dada yangu simu nikiwa chooni pale hotelini kumwambia. Kesho yake ilikuwa kipaimara cha mtoto wa huyo dada yangu Noreen. Unakumbuka ulikaa karibu na nani mezani?"

Tarpey aliigusa bandeji.

"Ulikaa karibu na baba yangu. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote na shamba la mtoni, akakuuliza aziweke wapi pesa zake. Mimi nilikuwa nagawa viazi, nikasikia. Ukamshika bega ukamwambia, Peadar, weka kwetu, nunua hisa, Drumlin ni mwamba. Jana yake ulikuwa umeificha nyumba yako isije ikachukuliwa Drumlin ikianguka. Siku moja katikati. Sikuijua maana ya zawadi hiyo mpaka Lavelle alipokupeleka mahakamani, nikakikuta kile kiapo kwenye karatasi zako." Hakuinua sauti. "Baba analala chumba cha watu wanne. Kila nikienda ananiuliza kama Fergal hajambo, na kama benki inaendelea vizuri. Halafu ukapokea ile bonasi, ukaniambia tununue meli ndogo."

Nje, dereva wa Dympna alisikika akigeuza gari la polisi kwenye changarawe.

Tarpey alikaa. Alisoma karatasi ya kushoto, akasoma ya kulia, akarudia ya kushoto. Miaka kumi na tisa watu walikuwa wamekaa mbele ya meza yake wakisoma karatasi namna hiyo, yeye akiwa upande wa pili na kalamu. Dympna alimwacha asome. Hakuwa na haraka yoyote.

Mwishowe aliivuta ya kulia na kuisaini, kwa nguvu iliyochana karatasi kwenye mkia wa herufi ya mwisho.

"Haya. Ni mambo ya mume na mke basi. Tumemaliza. Unaweza kwenda."

Dympna alitia saini yake chini, akaandika saa na tarehe.

"Sajini," Ita akasema, "amesaini mbele yako?"

"Amesaini mbele yangu."

"Bila kulazimishwa?"

"Bila kulazimishwa."

"Na imesema nyumba ni yangu, na yeye hana kitu ndani yake."

"Ndivyo ilivyosema."

Ita alinyanyuka. Alikwenda ukumbini, akarudi na karatasi nyingine, ya wakili, yenye nembo, akaiweka mbele ya mumewe. Dympna hakuhitaji kuisoma ili ajue ni ya nini. Alijua pia, kwa uchelewaji uliomkera kidogo kama mpelelezi, kwamba zege halikuwa lengo. Mwanamke huyu alihitaji kitu kimoja tu, mumewe alikane jumba lile mbele ya ofisa wa serikali, bila wakili wa kumwokoa, asije akasema kiapo kile kilikuwa mambo ya karatasi tu, na alijua ni nini kingemfanya Fergal Tarpey aite polisi nyumbani kwake.

"Ninaiuza," Ita alimwambia mumewe. "Baba atapata chumba chake peke yake, chenye dirisha. Lavelle atalipwa msingi wake. Wewe sanduku lako la Ureno bado halijafunguliwa, lipo pale ngazini. Nimekuongezea suti nne."

"Huwezi." Tarpey alimgeukia Dympna. Bandeji ilikuwa imeanza kubanduka kidevuni. "Hawezi kufanya hivi. Mwambie."

"Hilo si jinai, bwana Tarpey. Ni madai. Tafuta wakili, uende mahakamani, ukamweleze hakimu kwamba nyumba ni yako."

Alimtazama, akamtazama mkewe, akatafuta mtu wa tatu wa kumtazama, hakuwepo. Akatoka. Walimsikia akipanda ngazi, milango ya kabati ikifunguliwa na kubamizwa.

Dympna alitia karatasi zake kwenye bahasha na kusimama. Ita alimgusa mkono, kidogo tu, juu ya kifundo.

"Kaa kidogo, Sajini. Mpaka atoke getini. Sitaki baadaye aseme nilimsukuma."

Dympna alitazama saa yake. Zamu yake ilikuwa imekwisha dakika ishirini zilizopita. Akavuta kiti, akakaa.